Kununua Bunduki, Kuitunza Bunduki: Historia ya Silaha na Mafundi Wake Huku Kwetu Mashariki



Wengi watashangaa kukuta habari za bunduki katika kijitabu cha mila. Watasema: bunduki si mila yetu, ni kitu cha Waarabu na Wazungu. Ni kweli, ilitoka mbali. Lakini muhogo nao ulitoka mbali, ulivuka bahari kutoka Amerika katika merikebu za Wareno, na leo nani atamwambia mama wa Kindu au wa Bukavu kwamba sombe si chakula cha kwao? Kitu kikifika kwa watu, watu wakikishika, wakikipa majina, wakijua kukitengeneza kikiharibika, basi kimeingia katika mila. Swali letu njo hilo: je, bunduki iliingia kweli mikononi mwetu, ama tuliibeba tu?

Tuseme wazi tangu mwanzo kwamba hatuandiki kwa kuisifu. Sisi wa Maniema tunajua bunduki ilifanya nini. Tarehe 15 mwezi wa saba mwaka wa 1871, siku ya soko kule Nyangwe, kando ya mto Lualaba, watu wa wafanyabiashara walianza kupiga bunduki katikati ya wamama waliokuja kuuza samaki na vyungu. Wengi walipigwa pale pale, wengine walijitupa mtoni wakazama. Livingstone alikuwapo, aliona kwa macho yake, akahesabu wafu kwa mamia. Mwenye kuandika juu ya bunduki bila kukumbuka soko la Nyangwe anaandika nusu ya historia.

Lakini kuna nusu nyingine ambayo watu hawaisemi, nayo ni historia ya fundi. Bunduki kununuliwa ni siku moja. Kutunzwa ni miaka. Na katika kutunza njo tutaona nani alikuwa bwana na nani alikuwa mtumwa wa kitu chake mwenyewe.

1. BUNDUKI YA KUSHINDILIA

Bunduki za kwanza zilizofika huku katika karne ya 19 zilikuwa za kushindilia. Kwa Kiswahili cha zamani zilikuwa na majina mawili, kwa kufuata namna ya kuwasha moto. Ya kwanza ni bunduki ya gumegume: jiwe gumu limefungwa kwenye nyundo, nyundo ikianguka jiwe linapiga chuma, cheche zinaruka na kuwasha baruti. Ya pili ni bunduki ya fataki: badala ya jiwe kuna kikofia kidogo cha shaba chenye dawa ndani, unakivika juu ya chuchu ya chuma, nyundo inakipiga, moto unapita tunduni hadi ndani. Huku kwetu wengi wanaiita mpaka leo bunduki ya pistoni, ama pupu.

Namna ya kuijaza ni moja kwa zote mbili. Unamimina baruti mdomoni mwa mtutu. Unatia nyuzi za magome au za mchikichi. Unashindilia kwa mdeki, ule ufito mrefu unaokaa chini ya mtutu. Unatia risasi, unatia tena nyuzi, unashindilia tena. Kisha fataki, na hapo tu unaweza kulenga. Mtu mwepesi anapiga mara mbili, mara tatu kwa dakika. Mvua ikinyesha, pengine hapigi hata mara moja.

Jina la Tippu Tip mwenyewe limetoka katika sauti ya bunduki hizi. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Hamed bin Muhammed el Murjebi. Wengine wanasema aliitwa Tippu Tip juu ya macho yake yaliyokuwa yakipepesa. Yeye alieleza kwamba watu aliopigana nao walimpa jina hilo juu ya mlio wa bunduki zake: tip, tip.

2. KUINUNUA, KISHA KUITENGENEZA

Bunduki hizi zilikuja kutoka pande mbili. Za mashariki zilipita Zanzibar, Bagamoyo, Tabora na Ujiji. Za magharibi zilipita Benguela na Bihé, katika Angola. Nyingi zilikuwa kuukuu za majeshi ya Ulaya. Askari wao walipopewa silaha mpya, za zamani ziliuzwa kwa bei ndogo na kuletwa Afrika. Nyingine zilitengenezwa makusudi kwa soko la Afrika, na si kila mara kwa chuma kizuri. Mtutu mbaya ulipasuka na kumkata mwenyewe vidole.

Kwa hiyo kununua kulihitaji akili. Mnunuzi hakutazama uzuri wa mbao. Alitazama ndani ya mtutu kama kuna kutu, alivuta nyundo asikie kama resori ina nguvu, aligonga chuma asikilize mlio, maana chuma chenye ufa hakilii vizuri. Mwangalifu kupita wote hakuipiga mara ya kwanza akiwa ameiweka begani: aliifunga kwenye mti, akafunga kamba kwenye kifyatulio, akavuta akiwa mbali.

Hata ikipita majaribio hayo, bunduki mpya ilipelekwa kwanza kwa mfua chuma. Pale kazi ilikuwa nyingi. Nyundo isiyoanguka sawa juu ya chuchu ilinyooshwa. Resori iliyolegea ilitiwa moto na kupozwa upya mpaka irudishe nguvu. Tundu la moto lililoziba lilizibuliwa kwa sindano. Kitako kilichopasuka kilifungwa kwa ngozi mbichi ya nyama. Ngozi ile ikikauka inajikaza yenyewe kuliko msumari wowote. Wenye mali walipigilia misumari ya shaba ya manjano kwenye kitako, na bunduki ikatambulikana ya nani hata gizani, kwa kuipapasa tu.

Wachokwe wa kusini, upande wa Kasai na Lualaba, walijulikana sana kwa kazi hii. Mafundi wao walishika bunduki zilizokwisha kutupwa na kuzirudisha kazini. Kule Katanga, katika nchi ya Msiri, watu walitengeneza risasi za shaba nyekundu ya kwao, badala ya kungoja risasi za timbi kutoka pwani.

Na baada ya kupiga kulikuwa na usafi. Baruti nyeusi inaacha masizi ndani ya mtutu, na masizi yale yanavuta maji ya hewa. Katika msitu wetu, ambapo hata nguo haikauki, bunduki isiyooshwa jioni inaamka na kutu. Mwindaji aliiosha kwa maji ya moto, akaikausha, akaipaka mafuta, akaitundika juu ya jiko penye moshi. Baruti yake ilikaa ndani ya pembe yenye kizibo. Vijana walijifunza kuosha kabla ya kujifunza kulenga.

Tazameni basi hesabu ya bunduki ya kushindilia. Mbao ni zetu. Ngozi ni yetu. Jiwe la gumegume linaweza kutafutwa, risasi ya shaba ama ya chuma inaweza kufuliwa, resori inaweza kurudishwa. Kinachobaki kwa mgeni ni mtutu, fataki na zaidi baruti. Kamba inayomfunga mnunuzi kwa muuzaji ipo, lakini ni nyembamba. Mtu anaweza kuinyoosha mwaka mzima.

3. BUNDUKI YA WENZO YA BULA MATARI

Sasa njo tufike kwenye bunduki nyingine kabisa.

Kule Marekani, fundi Benjamin Tyler Henry alipata hati ya uvumbuzi mwaka wa 1860 kwa bunduki isiyojazwa mdomoni. Tajiri wa kiwanda alikuwa Oliver Winchester, na tangu mwaka wa 1866 bunduki zile zilichukua jina lake: Winchester. Aina iliyopata sifa kupita nyingine ni ile ya mwaka wa 1873.

Tuieleze kwa watu ambao hawajaiona. Chini ya mtutu kuna mrija mwingine unaokaa masasi, yamelala moja nyuma ya jingine, hata 15. Chini ya kifyatulio kuna wenzo, ni kishikio cha chuma kama pete ndefu, vidole vinaingia ndani. Ukisukuma wenzo chini, mlango wa nyuma unafunguka, ganda tupu linaruka nje, nyundo inajivuta yenyewe na sasi jipya linapanda. Ukirudisha wenzo juu, sasi linaingia na mlango unafungwa. Chini, juu, piga. Chini, juu, piga. Mwenye pupu anashindilia baruti yake bado, mwenye Winchester amekwisha kupiga mara kumi.

Stanley alikuwa nazo tangu safari yake ya kwanza. Mwaka wa 1871, alipokuwa anamtafuta Livingstone, mizigo yake ilikuwa na Winchester moja na Henry moja, zote mbili za masasi 16. Mwaka wa 1887 alirudi kwa safari ya kumwokoa Emin Pasha, akipanda mto Kongo kutoka Banana mpaka Yambuya, kisha ndani ya msitu wa Ituri. Yeye mwenyewe aliandika hesabu ya silaha zilizotayarishwa. Kutoka Misri alipata bunduki 510 za Remington pamoja na masasi 100,000, na tena tani 2 za baruti na fataki 350,000. Kutoka duka moja la London alipata Winchester 50 pamoja na masasi 50,000. Juu ya hayo yote, mvumbuzi Maxim alimpa bunduki yake inayojipiga yenyewe.

Tuisome hesabu hii polepole. Masasi 50,000 kwa bunduki 50, maana yake kila Winchester ilikuwa na masasi 1,000. Remington, ambayo inapiga sasi moja moja, kwa masasi yale ya Misri haikufikia 200 kwa kila moja. Bunduki inayopiga haraka inakula haraka. Stanley alijua kwamba ndani ya Ituri hakuna duka, hakuna fundi wa kufua sasi la namna ile. Kwa hiyo alinunua chakula cha bunduki pamoja na bunduki. Kwa mzigo kama huo alihitaji watu zaidi ya mia sita kutoka Zanzibar, na wengi wao hawakurudi.

4. KUITENGENEZA WINCHESTER MPYA

Bunduki ya wenzo ikitoka kiwandani haiko tayari kabisa kwa kazi, hata kama inang'aa. Fundi anayejua kazi anafanya hivi. Kwanza anaifungua na kuosha grisi nzito iliyopakwa kwa safari. Kisha anatazama fasi ambapo chuma kinasugua chuma: kingo kali za wenzo, za mlango, za chombo kinachopandisha masasi. Hapo hatumii tupa, anatumia jiwe laini la kunoa na mafuta, kidogo kidogo, kwa sababu chuma kilichoondolewa hakirudi. Sehemu inayoshika nyundo haiguswi ovyo: ikisuguliwa kupita kiasi, nyundo inaanguka bila kuitwa na bunduki inaua mwenyewe ama mwenzake. Halafu anavuta wenzo mara nyingi, mamia ya mara, bila sasi la kweli ndani, mpaka vyuma vizoeane. Mwisho anaipiga kwenye shabaha na kusogeza alama ya kulengea, mpaka sasi liende ambapo jicho limeangalia.

Kazi hii si uchawi. Mfua chuma wa Bunkeya ama wa Kasongo, aliyejua kurudisha resori ya gumegume na kunyoosha nyundo, angeweza kuijifunza. Akili haikupungua, wala mkono haukupungua. Kilichokosekana kilikuwa sasi. Lile la Henry, na la Winchester ya mwaka wa 1866, likipigwa mara moja ganda lake limekwisha, halijazwi tena. La mwaka wa 1873 linaweza kujazwa tena, lakini unahitaji kikofia kipya cha kipimo chake na vyombo vya kulijazia, na vyote viko kwa muuzaji yule yule. Hapa kamba ya kumfunga mnunuzi imekuwa nene kama ya kufunga ng'ombe. Bunduki inaweza kuwa yako, fundi anaweza kuwa ndugu yako, lakini pumzi yake iko kwa mwingine. Wahenga walisema: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Sasa huyu muuzaji hata ndugu hakuwa.

5. BARUTI YA MSIRI, BARUTI YA TIPPU TIP

Mtu asifikiri kwamba wakubwa wetu wa zamani hawakuona jambo hili. Waliliona, liliwauma.

Msiri wa Bayeke alijenga ufalme wake kule Bunkeya kwa shaba, pembe za ndovu, chumvi na, tusifiche, kwa watumwa. Alifanya biashara na pwani zote mbili, ya Angola na ya mashariki, na kwa busara hiyo hakuwa mateka wa njia moja. Bunduki alikuwa nazo nyingi, na risasi za shaba watu wake walizifua. Lakini baruti ilibaki kitu cha kungoja misafara. Katika miaka yake ya mwisho Wasanga walimwasi, vita vilikula akiba, na baruti ikawa haba. Msafara wa Kapteni Stairs ulipofika Bunkeya mwezi wa kumi na mbili 1891, Msiri alikataa bendera ya Leta ya Leopold. Tarehe 20 ya mwezi ule Kapteni Bodson alimpiga kwa bastola, na Bodson naye aliuawa na watu wa Msiri. Stairs mwenyewe alikuwa amekwisha kujifunza njia zetu pamoja na Stanley katika Ituri. Mkono ulikuwa ule ule.

Kwa Tippu Tip jambo linaonekana wazi zaidi. Mwezi wa pili mwaka wa 1887, kule Zanzibar, aliweka mkono katika mapatano na Stanley. Akawa liwali wa Leta pale Stanley Falls, Kisangani ya leo, na akaahidi watu 600 wa kubeba mizigo kutoka Yambuya. Watu wake wangekuja na bunduki zao wenyewe, za kushindilia. Lakini bunduki bila baruti ni fimbo. Katika masimulizi ya maisha yake, aliyoyaandika kwa Kiswahili, Tippu Tip analalamika kwamba Stanley aliahidi baruti, na baruti haikuja. Wapagazi walichelewa. Mwaka wa 1888 walipatikana karibu 400, baada ya kundi lililobaki Yambuya kukaa mwaka mzima likifa kwa njaa na magonjwa. Major Barttelot, mkubwa wa kundi lile, alipigwa bunduki na kufa kule Banalya mwezi wa saba. Wazungu waliandika vitabu vingi wakigombana nani mwenye kosa. Sisi tunaona jambo moja tu: mtu aliyeogopewa kutoka Tanganyika mpaka Lomami, mtu aliyepewa jina la mlio wa bunduki, alikuwa anangoja mfuko wa baruti kutoka kwa mgeni.

6. SHERIA YA BRUSSELS

Halafu kamba ile ikaandikwa katika sheria. Tarehe 2 mwezi wa saba mwaka wa 1890, mataifa yaliyokutana Brussels yalitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa. Ndani yake mliwekwa vifungu juu ya silaha. Kutoka digri 20 kaskazini mpaka digri 22 kusini, yaani karibu Afrika yote ya katikati, ilikatazwa kuingiza bunduki za kisasa, zile zenye mifereji ndani ya mtutu na zile za masasi. Serikali ziliweza kuzipata kwa askari wao, na msafiri aliweza kupewa ruhusa ya kubeba ya kujilinda. Kwa watu wengine, ambapo serikali ingekubali, ziliruhusiwa bunduki za gumegume zisizo na mifereji pamoja na baruti ya kawaida ya biashara.

Sababu iliyotangazwa ilikuwa nzuri: kuzuia wakamata watumwa. Hatuwezi kuikataa, sisi tunaokumbuka Nyangwe. Lakini tazameni matokeo. Sheria ile ile iliyomnyima silaha mkamata watumwa ilimnyima pia mwanakijiji aliyekuja kulazimishwa kuvuna mpira. Askari wa Leta alikuwa na Albini, bunduki ya Ubeljiji inayojazwa nyuma, sasi moja moja. Mwanakijiji alikuwa na gumegume, upinde, ama mikono mitupu. Nani alikata mikono ya nani katika miaka ile, dunia yote inajua.

Katika vita vya miaka ya 1892 mpaka 1894 tofauti hiyo ilionekana kwenye Lualaba. Watu wa Sefu, mtoto wa Tippu Tip, walikuwa wengi na walijua vita, na bunduki zao nyingi zilikuwa za kushindilia. Nyangwe ilianguka tarehe 4 mwezi wa tatu 1893, Kasongo tarehe 22 mwezi wa nne. Hatusemi silaha peke yake iliamua. Ngongo Lutete alikuwa ameacha upande wa Waarabu na kusaidia Leta pamoja na maelfu ya watu wake, na Leta ikamlipa kwa kumpiga risasi mwezi wa tisa mwaka ule ule. Lakini nani aliyekuwa na ghala la masasi linalojazwa kwa mashua za moto kutoka bahari? Swali hilo linajibu mengi.

7. FUNDI ALIYEBAKI

Leta ilikwenda, Kongo ya Wabelgiji ikaja mwaka wa 1908, uhuru ukaja mwaka wa 1960. Katika muda huo wote bunduki ya mwindaji wa kijiji ilibaki ile ya pistoni, na kwake ruhusa ilikuwa karatasi ya kubembeleza. Winchester, Mauser na nyingine za masasi zilikuwa za Wazungu wa mashamba, wawindaji wakubwa na serikali.

Hapa njo kuna ajabu ya historia yetu. Silaha iliyoachwa kwetu kama takataka ilikuwa silaha pekee tuliyoweza kuimiliki kweli. Kwa kuwa haikuletwa tena kwa wingi, mafundi walijifunza kuitengeneza yote. Bomba la maji ama fimbo ya chuma ya usukani wa gari iliyokufa ikawa mtutu. Resori ya kiti cha lori ikawa resori ya nyundo. Mbao ngumu ya msitu ikawa kitako. Mfua chuma aliyefua jembe asubuhi aliweza kutengeneza pupu jioni. Hatari ilikuwapo, mitutu mingine ilipasuka, na hakuna anayejua hesabu ya macho yaliyopotea. Lakini ujuzi ulikuwa wa hapa, na majina ya kila kitu yalikuwa ya hapa.

Tangu mwaka wa 1996 nchi yetu ya mashariki imejaa bunduki za namna nyingine. Kijana anabeba silaha inayopiga masasi mengi kuliko Winchester yoyote, na hajui nani aliitengeneza, nani aliilipia, nani atamletea masasi kesho na kwa bei gani. Anafikiri yeye ni bwana. Mwenye kumletea masasi njo bwana wake, sawa na vile Stanley alikuwa bwana wa mfuko wa baruti. Wazee wetu walisema nguo ya kuazima haisitiri matako.

Tena sheria ya nchi iko wazi: tangu mwaka wa 1985 kuna amri-sheria juu ya silaha na masasi, na kutengeneza ama kubeba bunduki bila ruhusa ni kosa. Hatumfundishi mtu kuivunja. Tunamwambia kijana jambo lingine: mkono uliojua kurudisha resori kwa moto unaweza kutengeneza mashine ya kusaga muhogo, pampu ya maji, pikipiki, jenereta. Ukinunua mashine, uliza maswali ya mnunuzi wa zamani: nani ataitengeneza ikiharibika? Inakula nini, na chakula chake kinatoka wapi? Ni sehemu gani tunaweza kufua hapa? Mtu aliyenunua jenereta bila kuuliza hayo amenunua Winchester yenye masasi matano.

8. KAZI YA KUFANYA

Wafua chuma wanaojua kazi hii wanazeeka. Watoto wao wanauza kadi za simu sokoni, na sisi hatuwalaumu, maisha ni magumu. Lakini mzee mmoja akizikwa, anazikwa pamoja na majina: jina la ule ufito wa kushindilia katika Kilega, la jiwe la gumegume katika Kisongye, la ngozi ya kufungia kitako katika Kiyeke, la dawa iliyotiwa ndani ya moto ili chuma kisivunjike. Kwa Kiswahili tuliandika hapa mtutu, kitako, mdeki, fataki, gumegume. Kwa lugha zetu nyingine nani ameandika?

Tunaomba basi kila msomaji, kijana zaidi: ukirudi kijijini likizo, chukua daftari. Nenda kwa mfua chuma, umsalimie vizuri, umpelekee tumbaku ama sukari kidogo, umwambie: baba, nionyeshe kazi yako na uniambie majina. Usiulize kwanza juu ya vita, uliza juu ya vyombo. Andika jina la chombo, kazi yake, kilitengenezwa kwa kitu gani na nani alimfundisha yeye. Kama anaweza kuimba wimbo wa kuvuta mivuo, uuandike pia. Mtuletee daftari, tutalisoma pamoja, na yale ambayo lugha mbili zinaelewana tutayaweka upande kwa upande.